Walimficha Mke Wangu Majibu ya Damu Yake

Nina miaka arobaini na minne. Nilisoma sekondari hapa Kisangani, nikaishia mwaka wa nne, kisha mto ukanichukua. Tangu hapo sijui kukaa. Nikiwa Opala naikumbuka Kisangani na harufu ya lituma, ndizi zetu za kupondwa, asubuhi; nikifika Kisangani, wiki ya pili miguu inaniwasha. Wasomaji wenzangu, naandika haya nikiwa na hasira, na sitaki kuificha. Yaliyofichwa yametosha.

Mke wangu aliitwa Mwayuma. Wazazi wake walitoka Maniema, naye alizaliwa hapa hapa. Kila nikirudi safarini aliwaambia majirani zetu wa mtaa wa Tshopo, “Mugeni wangu amefika, munipatie kiti!” Watu walicheka, nami nilicheka... Leo sioni cha kuchekesha.

Mwaka ule nilirudi nikamkuta amevimba. Asubuhi uso, jioni miguu. Ukimbonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mkojo ulikuwa kidogo, tena wenye povu. Tonton Basele, mdogo wake baba yangu, aliyekuwa akikaa kwetu, alisema ni maji mabaya tu yanayotafuta njia. Alileta mizizi kutoka Yanonge. Aliichemsha mwenyewe, akampa kikombe asubuhi na jioni. Mtaa mzima ulimsifu kwa dawa zake.

Mimi nilisema hapana, tupime damu. Lakini je, nilimpeleka hospitali kubwa? Sikumpeleka! Niliogopa foleni, niliogopa midomo ya watu, eti mke wa fulani ameoza ndani. Nilimpeleka kwa siri kwenye labo, maabara ya mtu binafsi mjini, nyuma ya duka la dawa. Mwenyewe tulimwita Citoyen Lotika, tuliwahi kukaa dawati moja. Alimtoa Mwayuma damu mkononi, akasema atapima kama figo bado zinasafisha damu, na kwamba daktari anayepita hapo ataandika ushauri. Majibu siku ya Alhamisi.

“Nitamupatia nani karatasi?” aliuliza.

Mwayuma alikuwa amekaa pale pale, pamba bado mkononi. Hakumuuliza yeye. Aliniuliza mimi, kwa sababu kwetu majibu ya mwanamke hupewa mwanamume wa nyumba. Nami nikajibu kama bwana mkubwa, “Kama siko, umupe tonton.”

Alhamisi ikafika, na siku hiyo hiyo boti ya Opala ilikuwa inaondoka. Nilikuwa bandarini napakia magunia ya chumvi, ndiyo biashara yangu. Labo haikuwa mbali. Ningeweza kukimbia na kurudi! Sikwenda. Nilimwona Tonton Basele akija, bahasha mfukoni mwa koti.

Nikamuuliza majibu yamesemaje.

“Iko muzuri, mutoto yangu. Panda. Chumvi yako itayeyuka hapa.”

Alisema huku akitabasamu. Nikapanda.

Mashine ya boti iliharibika tukiwa ndani ya mto Lomami. Wiki tatu nilizopanga zikawa miezi miwili. Niliporudi, kabla sijafika nyumbani, niliona viti vimepangwa uani na wanawake wamekaa chini. Matanga. Hakuna aliyesimama kuniita mgeni... Mwayuma alikuwa amezikwa siku tisa zilizopita.

Niliwalaumu walioniroga. Nililaumu chakula, nikamlaumu Mungu. Kisha jirani yetu, Mama Eyenga, aliyemhudumia hadi mwisho, akanivuta pembeni. Alisema Mwayuma alikuwa akijitazama kwenye kioo na kuuliza, “Kama damu yangu iko muzuri, sababu gani uso yangu iko hivi?” Halafu alichukua kikombe cha mizizi na kukimaliza, kwa sababu tonton alimwambia labo imethibitisha kwamba dawa inafanya kazi.

Nilikwenda kwa Lotika mbio, nikamshika shati. Naye akashangaa.

“Nduku, nani alikuambia iko muzuri? Figo zilikuwa zinashindwa! Daktari aliandika: aache mizizi leo leo, aache chumvi, apelekwe hospitali mbele ya siku tatu. Nilimusomea tonton yako mara mbili. Alisema, ‘Nimesikia, citoyen.’”

Alisikia!

Bahasha niliikuta kwenye sanduku lake, chini ya nguo, imekunjwa vizuri. Nilimrushia miguuni, nikamwambia, umeua ili mizizi yako isipate aibu. Hakukana. Aliokota bahasha, akaipangusa vumbi, akasema polepole:

“Mizizi, sawa, nilikosea. Lakini sheria iko ya nani? Ni weye ulisema: mutu akiisha weka muguu mu bato, musimuambiake habari mubaya.”

Ni kweli. Miaka ya nyuma, waliniletea bandarini habari kwamba mama anaumwa. Nikashuka, mzigo ukaenda bila mimi, ukapotea wote, na mama akapona kesho yake. Nilipiga kelele nyumba nzima, nikaweka sheria hiyo. Wakaizoea. Tonton aliitumia kujificha ndani yake, na mlango nilimfungulia mimi.

Tonton nilimfukuza. Ndugu wananiita mtu asiye na heshima, nami sijali. Lakini mimi je, nani wa kunifukuza? Nimeacha kuuza chumvi. Bado naenda huku na huku mtoni, ila sasa sina ninayemkumbuka akiwa nyumbani.

Daktari wa Opala niliyemwonyesha karatasi alisema hawezi kuapa kwamba angepona. Labda angepona, labda angeishi kidogo tu. Lakini angejua! Angekimwaga kile kikombe kwa mkono wake mwenyewe.

Basi nawasihi, ninyi mnaosoma. Ukimpeleka mkeo, mama yako au dada yako kupimwa damu, msimame pamoja mbele ya meza, na karatasi awekewe yeye mkononi. Asipojua kusoma, asomewe yeye. Na ukiwa safarini, waambie wa nyumbani wakuite hata kama boti imeshang'oa nanga. Boti itarudi. Mimi yangu ilirudi na kila gunia likiwa limeuzwa.