Mstari wa Buluu

Haya yalimkuta rafiki yangu Smaranda, mwanamke mbishi kuliko sisi wote tunaoendesha magari kwenye milima ya Apuseni. Alikwenda soko la mitumba kutafuta kompyuta mpakato ya bei nafuu na kipokezi cha GPS cha kubandika juu ya paa la gari. Mzee Traian, muuzaji, alikuwa navyo vyote viwili. Akaiwasha kompyuta, ikatokea ramani ya milima yenye mstari wa buluu.

"Lakini futa kwanza huo mstari wa buluu, binti yangu. Ndiyo njia aliyopita mmiliki wa zamani, na inaishia katikati ya msitu."

"Mzee, mimi nimenunua kompyuta, sikununua woga wako!"

Hakufuta. Mchana uleule akaingia msituni, ukungu ukashuka mpaka miti ikatoweka. Kwenye kioo cha kompyuta, njia yake nyekundu ilikuwa ikijichora nyuma ya gari. Halafu ile ya buluu nayo ikaanza kurefuka, ikimfuata. Akasimama, nayo ikazidi kuja. Akachomoa waya wa kipokezi. Ikazidi kuja.

Sisi wa milimani tuna desturi: aliyepotezana na wenzake hupiga honi mara mbili, na anayemsikia hujibu mara moja.

Smaranda akazima injini, akateremsha dirisha. "Kama una shida na mimi, sema!" akafoka, akaigandamiza honi mara mbili.

Akasikiliza. Matone tu yakidondoka kwenye paa. Mstari wa buluu ukafika palepale aliposimama, ukatulia.

Honi ikamjibu, mara moja, kutoka ardhini, chini ya magurudumu yake.