Lori Jekundu la Bati

Pengo lilionekana Jumapili asubuhi, siku moja baada ya mazishi ya baba. Binti yake aliingia chumba cha nyuma kukusanya vikombe vya wageni, akatazama kabati la vioo na kusimama. Lori jekundu la bati halikuwepo.

Vingine vyote vya kabatini vilikuwepo: wanasesere wenye nywele za uzi, viatu vya kuchezea mpira vya ngozi iliyokauka, medali zilizopauka. Baba alivipata sokoni siku za Jumamosi, kwenye meza za vitu vikuukuu, kwa bei ya kutupa. Binti alikuwa mkaguzi wa madai kwenye kampuni ya bima, na hakugusa kitu. Kioo kilikuwa kizima. Wanasesere wawili walikuwa wamesogezwa kuziba pengo. Kwenye kisahani palepale, ufunguo wa kukazia springi ya lori ulikuwa umebaki.

Kaka yake hakutaka maswali. "Ni Chakavu! Jana alikaa humu peke yake, anajifuta machozi. Kumbe anachagua!"

Chakavu ndilo jina walilompa mzee aliyemuuzia baba karibu vitu vyote, rafiki yake mkubwa. Alipofika asubuhi ile kutoa pole tena, kaka alimkabili sebuleni mbele ya majirani.

"Toa lori, mzee. Mpaka jioni. La sivyo tutaonana polisi."

"Mwanangu, mimi?"

"Usiniite mwanangu."

Mzee alitazama viti vilivyojaa watu, akatoka bila kuaga.

"Mwacheni mzee wa watu," mama alisema kutoka kwenye kochi, uso kwenye kanga. "Lori lenyewe halitembei. Atamuuzia nani?"

Binti alianza na kaka yake. "Fungua buti la gari."

"Umekuwa askari siku hizi?"

"Fungua."

Ndani mlikuwa na mfuko wa jezi za baba. Kaka alikuna kichwa. "Kuna mtu anazitaka. Sawa, jezi ni mimi. Baba hazivai tena."

"Udongo wa kaburi haujakauka, wewe umeshapata mteja! Na lori?"

"Sijaligusa. Yule mteja aliniambia vitu vya springi bila ufunguo ni bati tu la kutengenezea kibatari. Ningeuacha ufunguo, mimi?"

Hapo alimwamini. Aibu hakuwa nayo, lakini hesabu za biashara alizijua.

Alimkuta Chakavu mezani kwake sokoni, kati ya redio zilizokufa na mipira iliyosinyaa.

"Umekuja kunipekua?"

"Nimekuja kuuliza, baba yangu. Lori lile lilikuwa linatembea?"

"Nilipomuuzia, hapana. Springi imelegea, ufunguo haupo. Marehemu alikaa nalo wiki nzima hapa kwangu, akachonga ufunguo kwa tupa. Likatembea mpaka likaanguka mezani, akacheka kama mtoto." Mzee akasogeza redio moja. "Wewe unamjua baba yako kwa kubishana bei. Angeninyonya damu kwa mwanasesere mmoja. Lakini lori hilo hakubisha. Alilipa, akaligeuza tumbo, akakaa chini. Na kabla ya hapo, kila alipokuja, tangu siku ya kwanza, aliuliza malori mekundu kwanza. Vingine alinunua kwa kuwa vilikuwa rahisi."

Binti alirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Aliyelichukua hakujua kwamba lina ufunguo. Alilijua lori lilipokuwa bovu, kabla ya Chakavu, kabla ya kabati.

Mama alikuwa chumbani, mlango umerudishwa.

"Mama, hujawahi kuingia chumba kile. Ulikiita jalala. Nani alikuambia lori halitembei?"

"Ninyi mlisema."

"Sisi tulisema limepotea tu."

Mama alinyoosha kanga magotini, akaikunja, akainyoosha tena. Kisha akainua mto. Lori lilikuwa chini yake.

"Niliingia kutafuta viti vya wageni," alisema. "Nikaliona. Tazama tumboni. Ndugu yenu aliyezaliwa kabla yenu alikwangua picha ya jua hapo kwa msumari. Alipofariki niligawa vitu vyake vyote, lori hili likiwemo, siku hiyohiyo kwa mwanamke aliyepita njiani. Baba yenu alirudi kutoka kazini akakuta chumba kitupu."

"Kwa hiyo Jumamosi zote zile..."

"Nilidhani ananikimbia. Nikamsema kwa takataka zake hata alipokuwa anaumwa."

"Alipolipata, kwa nini hakukuonyesha?"

"Nilikataza mtoto asitajwe humu ndani. Akatii." Akapitisha kidole juu ya jua lile. "Akatii, mwanangu, mpaka mwisho."

Binti alikaa kitandani kando yake, lakini hakumshika mkono. "Mama, mzee wa watu ameitwa mwizi mbele ya majirani. Na wewe ulikuwepo."

"Nilimtetea."

"Ulisema lori ni bovu. Hukusema liko kwako."

"Ningelisema, ningeulizwa kwa nini. Mbele ya watu wale wote." Mama akafuta uso. "Mwite kaka yako."

Jioni ileile walikwenda wote watatu sokoni. Mama ndiye aliyesema kwamba lori lilikuwa kwake, tena kwa sauti, wauzaji wengine wakisikiliza. Kaka aliomba radhi akiwa ameinamisha kichwa.

"Nimesamehe," Chakavu alisema. "Ila pale sebuleni nilitazama uso mmojammoja. Hakuna aliyesema neno."

Siku hizi, kila Jumamosi, binti hupita mezani kwa Chakavu wakazungumza habari za marehemu. Nyumbani kwao mzee haji tena.