Chupa Isiyogeuka Njano

Kila alasiri Mbio alitua begi, akambusu mdogo wake utosini, kisha huyoo kuruka kamba. Jina hilo alipewa na mama, maana hakuna kazi aliyoifanya taratibu.

Juzi shangazi yake, mpimaji wa maji katika maabara, alimpa kichupa akachote maji ya kisima cha mtaa. Watoto wengi walikuwa wakiharisha, na mdogo wa Mbio ndiyo kwanza alikuwa amepata nafuu. Foleni ilikuwa ndefu. Mbio akajaza kichupa maji ya birika, yale aliyochemsha mama, akawahi kuruka kamba.

Leo shangazi alirudi na tabasamu. Alisema kichupa hakikugeuka njano, kwa hiyo kisima ni salama. Mama akashusha pumzi. Gesi ilikaribia kwisha. Kuchemsha maji sasa basi, alisema. Akachota kikombe cha maji ya kisima ndooni, akampakata mtoto.

Kikombe kilipanda. Kikagusa mdomo wa mtoto.

"Mama, usimpe." Mbio alikipiga kikombe, maji yakamwagika kote. "Nilichota kwenye birika."

Mama alimkumbatia mtoto. Shangazi akavuta kigoda.

"Sikia, mwanangu. Ndani ya bakteria mna DNA, maelekezo ya kazi zake zote. Protini fulani huikalia sehemu moja ya DNA hiyo, ikaizuia isifanye kazi, kama swichi iliyozimwa. Bakteria akipata sukari ya maziwa, protini inabanduka, swichi inawaka, naye anatengeneza kimeng'enya cha kuikata. Kimeng'enya hicho hukata pia dawa ninayoitia kichupani, ndipo njano hutokea. Bakteria aliyechemshwa amekufa. Atawasha nini?"

Mbio alirudi kisimani na kichupa kingine, akapanga foleni mpaka mwisho huku shangazi akimtazama.

Kesho yake kichupa kilikuwa njano kama kiini cha yai. Kisima kikafungwa kisafishwe, na shangazi akapita nyumba hadi nyumba kuwaambia watu wachemshe maji.

Jioni mama alimweka Mbio ubavuni, mtoto akichezea vidole vyao.

"Bado nimekasirika," alisema taratibu. "Uongo wako ulifika mpaka mdomoni mwa mdogo wako. Lakini ukweli uliuwahi. Mbio zako ziweke hapo, mwanangu, kwenye kusema kweli. Kazi ifanye polepole."