Jumamosi kwa Kahindo

Ndege ya Kinshasa ilipotua Bunia, nusu ya mji ilikuwa uwanjani: wenye kupokea wageni, wenye kupokea mizigo, na wenye kuja kutazama tu. Kahindo alikuja kuchukua sanduku la divai. Kikwembe chake kilikuwa cha buluu chenye maua ya njano, kitambaa cha kichwa kimefungwa juu kabisa. Mtu akamkanyaga pindo.

"Citoyen, miguu yako iko mingapi?" akauliza bila kugeuka.

"Samahani, mama."

"Mama ya nani? Nilikuzala siku gani?"

Kijana akacheka. Abacost yake nyeusi, koti la wakubwa lisilo na tai, ilikuwa bado na mikunjo ya sandukuni. Aliitwa Katsuva, naibu mkuu mpya wa nyumba ya kununua kahawa, na Bunia hakumjua mtu hata mmoja.

"Basi uko na bahati," Kahindo akamwambia. "Miye nawajua wote."

Hakuwa akijisifu. Mjane huyo alikuwa na mkahawa, na kila Jumamosi mchana wakubwa wa mji walikula kwake: mkurugenzi wa benki, mkuu wa machimbo, wenye malori, watu wa serikali. Karatasi zilipigwa mihuri ofisini, lakini mambo yenyewe yalikatwa pale, kati ya samaki na bia: nani apandishwe, nani ahamishwe, kahawa ya nani itoke kwanza.

Wiki chache baadaye, wakiwa tayari wapenzi, Kahindo akamwekea Katsuva kiti. Kabla ya wageni kufika alimvuta jikoni, akamnyoosha kola.

"Usiombe kitu kwanza. Mukubwa wa machimbo hasikie na sikio ya kushoto, umukalie kuume. Directeur wa benki, umuulize habari ya imbwa zake."

"Na weye, chérie, nikuulize habari ya nini?"

"Uniulize siku ya kwenda kwa baba yangu Butembo."

"Kisha mavuno kupita. Nitapeleka mbuzi mpaka watu wakose fasi ya kupita!"

Kila asubuhi Katsuva alimpigia simu kutoka ofisini.

"Alo, chakula yangu?"

"Alo, njaa yangu. Umelala muzuri?"

Kahindo alicheka peke yake kati ya masufuria kama msichana.

Mavuno yakapita. Katsuva akawa mkuu, na simu zikapungua. Sokoni wakasema ameonekana akitoka Misa na Domitille, binti wa mkurugenzi wa benki. Kahindo akamfungia mlango. Katsuva akasimama nje ya dirisha mvua ikimnyeshea, akiapa.

"Ni mambo ya kazi tu! Baba yake akisema nimupeleke, nikatae?"

"Ungekataa."

"Fungua, mupenzi. Nikikufa na baridi, nani atakupeleka Butembo?"

Akafungua. Akamkausha kichwa kwa kitambaa chake mwenyewe, akamwamini.

Mkurugenzi alipofanya karamu kwake, Kahindo ndiye aliyeitwa kupika. Alishona kikwembe kipya, akadhani siku hiyo Katsuva atamtambulisha. Akaingia ukumbini na sinia la samaki. Domitille alikuwa amekaa karibu na Katsuva, amemshika mkono.

"Huyu mama munajuana?" Domitille akauliza.

"Ni mupishi," Katsuva akajibu. "Anapika muzuri."

Mkurugenzi akasimama, akainua glasi, akawatangaza wachumba. Wale wanaume wote aliowalisha miaka, waliojua kila kitu, waliangalia sahani zao. Mkuu wa machimbo akaomba chumvi.

Kesho yake Katsuva akaja na vitenge vipya na ufunguo.

"Hasira ya nini? Domitille ni ya baba yake, weye uko ya roho yangu. Nimekupangia nyumba. Kila mukubwa iko na deuxième bureau, bibi ya pembeni."

"Toka."

"Kahindo, fikiri." Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayetoa shauri jema. "Ukinifukuza, Jumamosi itanifuata."

Ikamfuata. Kahindo alipika kama kawaida, akatandika meza, akakaa akisikiliza magari yakipita bila kusimama. Jioni dereva wa mkurugenzi akabisha, ametumwa kuazima sufuria kubwa: wageni kwa Katsuva walikuwa wengi mno. Akampa. Hata akamwambia huwa inaunguza chini.

Alifunga mkahawa, akaamua kwenda Boga kwa dada yake Mbambu, kuanza biashara ya muhogo. Asubuhi ya safari, akiwa tayari juu ya lori, kati ya magunia, Katsuva akaja akikimbia, viatu vimejaa vumbi.

"Shuka, mupenzi. Pale kwangu wanakula, wanakwenda, hakuna mutu anasema kitu. Bila weye haiendeke. Na miye silale."

Moyo wa Kahindo ukaruka, na akauchukia kwa kuruka. Bado alimpenda, alitaka kumpangusa lile vumbi.

"Sema basi, hawa watu wote wasikie. Miye niko nani yako?"

Abiria wakageuka kumtazama. Katsuva akafungua kinywa. Kando ya barabara alisimama karani wa benki, akamwinamia kwa heshima.

"Bonjour, citoyen directeur."

"Bonjour," Katsuva akajibu. Akanyoosha abacost yake, akarudi nyuma hatua mbili, kama mtu aliyekuja kukagua mizigo.

Lori likaondoka. Kahindo hakulia mpaka nyumba za mwisho za Bunia zilipopotea. Kisha akalia kwa sauti, na mwanamke asiyemjua akamshika bega mpaka Boga.