Chupa Zilizosuuzwa Mtoni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Waringa alikuwa na kazi moja isiyokuwa na mjadala: kuosha chupa za maziwa. Mama yake alifuga ng'ombe wawili hapo Mutuini, na wapangaji wa zile nyumba mpya za mawe walikuwa wateja wake. Chupa zilioshwa kwa sabuni, zikasuuzwa, zikasuuzwa tena, kisha zikainamishwa ili zichuruzike maji. Mama hakuwa na mzaha katika jambo hilo. Alikuwa na pua kali, na chupa iliyonuka hata kidogo ilirudishwa kwenye karai bila neno lolote. Siku kama hiyo Waringa alifika shuleni gwaride likiwa limekwisha.

Basi msichana akakua na tabia hiyo. Hata akiwa mgeni kwa watu, hakuweza kukinga maji kwenye kikombe kabla ya kukisuuza. Wenzake wa darasa la saba walikuwa wakimtania sana.

"Waringa akifika mbinguni," Isaiah alipenda kusema, "kitu cha kwanza atauliza karai liko wapi."

Isaiah alikuwa rafiki yake na mwenzake katika kikundi cha skauti. Wazazi wake walikuwa wametoka Kakamega kuja kutafuta kazi Nairobi. Kaka yake mkubwa, Maxwell, alikuwa kiongozi wa watalii waliopanda Mlima Kenya. Skauti walipopanga kwenda kupiga kambi kwenye Milima ya Ngong, Maxwell alimwazima mdogo wake kifaa ambacho hakuna mtoto wa Mutuini aliyekuwa amekiona: kichujio cha maji cha kubeba safarini.

Hakikuwa kikubwa. Ungeweza kukiweka ndani ya mkoba pamoja na sweta na bado ukapata nafasi ya mkate. Juu kilikuwa na mpini wa kusukuma, na ubavuni kilitoa mipira miwili myembamba ya kupitishia maji. Mmoja Maxwell alikuwa ameufunga uzi mwekundu.

"Huu wenye uzi unaingia mtoni," Isaiah aliwaeleza wenzake, akiringa kidogo. "Huu mwingine unaingia kwa chupa. Ukichanganya, umeharibu kila kitu. Ndani kuna kitu kama kigae chenye vitundu vidogo sana. Maji yanapita, viini vya magonjwa vinabaki."

"Mimi naona pampu ya baiskeli," alisema Norman. "Usije ukatujaza upepo tumboni!"

Walicheka, lakini Mwalimu Zedekiah, kiongozi wao, alifurahi. Hakuna tena kupanda mlima na mitungi ya maji mgongoni. Kisha akawapa habari nyingine. Mwezi wa Agosti, kila shule ingemtuma skauti mmoja kupanda Mlima Kenya.

"Nitamchagua nikishawaona kambini," alisema. "Nataka mtu ambaye wenzake wanaweza kumtegemea."

Wote walimtazama Isaiah. Isaiah alikuwa amesimuliwa mlima huo tangu akiwa mdogo, na aliujua kilele kwa kilele ingawa hajawahi kuukanyaga. Waringa naye aliutamani mlima huo kwa siri, kama mtu anavyotamani kitu anachojua si chake.

Siku ya kambi walitembea tangu asubuhi, upepo wa Ngong ukiwasukuma huku na huku. Jioni maji waliyotoka nayo nyumbani yalikuwa yamekwisha. Walikuta kijito chini ya miti. Maji yake yalikuwa maangavu, lakini kando yake palijaa nyayo za ng'ombe. Isaiah alipiga magoti, akatumbukiza mpira wenye uzi mwekundu, akaanza kusukuma.

Waringa alipewa kazi ya kumletea chupa. Alizitazama, akakunja uso. Wenzake walikuwa wamenywea sharubati humo, na sukari ilikuwa imegandamana na vumbi mdomoni mwa kila chupa. Angewezaje kutia maji ya kunywa katika uchafu ule? Akazichovya kijitoni moja baada ya nyingine, akazitikisa kwa nguvu, akamwaga, akatikisa tena, ndipo akampa Isaiah. Isaiah hakuinua macho. Alikuwa ameukodolea macho uzi wake mwekundu kama askari kwenye lindo.

Mwalimu Zedekiah alipita, akasimama kidogo.

"Mnaona?" aliwaambia wengine. "Mtoto aliyelelewa vizuri huonekana kwa kazi yake."

Waringa alijisikia kama amekua inchi moja. Isaiah alijipampia maji yake mwisho, katika kikombe cha bati alichokitoa kwenye mkoba kikiwa kikavu. Waringa hakuhitaji maji, kwa kuwa mama yake alikuwa amemfungia chupa mbili za maji yaliyochemshwa na moja ilikuwa bado imejaa.

Walirudi nyumbani Jumapili jioni wakiimba. Katikati ya wiki habari mbaya ikaenea shuleni. Norman alikuwa ameharisha na kukosa masomo. Lakini aliyezidiwa alikuwa Philister wa darasa la tano, mdogo kuliko skauti wote. Alitapika na kuharisha mpaka macho yakaingia ndani na midomo ikapasuka. Mama yake, aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ya watu Kileleshwa, alipigiwa simu akaacha pasi ikiwa moto na kukimbia. Mtoto alilazwa katika zahanati moja karibu na Adams Arcade, akatundikiwa maji ya mshipa. Kwa siku nzima hakuna aliyejua kama angepona.

Alipona, Mungu ni mwema. Hata hivyo, siku ya Ijumaa Mwalimu Zedekiah aliwakutanisha skauti akiwa amekunja uso.

"Isaiah," alisema, "kifaa chako kilitupatia maji machafu."

"Hapana, Mwalimu. Nilipampu vile Maxwell alinionyesha."

"Uliichanganya mipira."

"Sikuichanganya! Wallahi sikuichanganya!"

Mwalimu alitikisa kichwa. "Mwenye kosa husema hivyo hivyo. Mlimani Agosti atakwenda Waringa. Yeye angalau anajua usafi ni nini."

Wenzake walipiga makofi. Isaiah alisimama pale, akaukunja mpira wenye uzi mwekundu taratibu, akautia kwenye mkoba. Hakulia. Walipokuwa wakitoka, mtoto mmoja alimwita "Bwana Kipindupindu," na jina likamganda papo hapo. Waringa alimwonea huruma, lakini ningekuwa mwongo nikisema hakufurahi pia. Usiku ule aliuota mlima.

Jumapili, baada ya kanisa, mama alimwomba aandae chupa upesi kwa mteja aliyekuwa akisubiri langoni. Waringa aliosha moja, kisha kwa haraka akachota maji kwenye pipa la mvua ili aisuuze.

"Wewe!" Mama alimshika mkono. "Unasuuza na maji gani?"

"Ya pipa, Mama. Ni kidogo tu."

"Hayo hayajachemshwa. Tone moja likibaki ndani, maziwa yangu yote yameharibika. Hujui kwamba chupa ukiisuuza na maji mabaya, ni afadhali ungeiacha kavu?"

Waringa alibaki ameishika ile chupa. Alikuwa akisuuza kwa maji yaliyochemshwa miaka yote hiyo bila kujiuliza kwa nini yawe ya birika. Sasa alikiona kijito, nyayo za ng'ombe, na chupa zikitoka mikononi mwake zikidondoka maji yasiyochujwa. Ya Norman. Ya Philister. Isaiah alikunywa kwa kikombe kikavu, na Isaiah hakuugua.

Chakula cha mchana kilimshinda. Mama alidhani ana homa, akamgusa paji la uso. Waringa alijitetea moyoni kwa kila namna. Hakukusudia. Philister amepona. Hakuna aliyeona. Isaiah ana kaka anayeweza kumpeleka mlimani siku nyingine. Kila utetezi ulionekana mzuri kwa muda, halafu alikumbuka sura ya Isaiah akikunja ule mpira, nao ukaanguka.

Jumatatu alfajiri alipiga moyo konde. Alimkuta Mwalimu Zedekiah peke yake ofisini, akamwambia yote bila kupumzika, asije akageuka njiani.

Mwalimu aliweka chini kalamu yake. 

"Na mimi nilikupongeza," alisema. "Nilisimama pale pale nikikuona, nikakupongeza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nilimhukumu Isaiah mbele ya watu. Basi nitakosolewa mbele ya watu."

Na kweli, wakati wa mapumziko aliwaita skauti wote. Aliwaeleza kwamba kichujio kilikuwa kizima, kwamba Isaiah alifanya kazi yake sawasawa, na kwamba yeye, mwalimu mzima, alikuwa amekosea. Alimwomba Isaiah radhi na kumpa yeye ile nafasi ya mlimani. Watoto walitazamana. Hawakuwa wamezoea kumsikia mwalimu akisema "nisamehe." Kisha Waringa akasimama mwenyewe, akasema ni nani aliyesuuza chupa mtoni.

Jioni alimsubiri Isaiah kwenye lango la shule.

"Ulijua tangu lini?" Isaiah aliuliza bila kumtazama.

"Jana. Mama aliponikataza kusuuza na maji ya pipa."

Isaiah alipiga jiwe teke. Alikuwa na haki ya kukasirika, na alikasirika kwa hatua kadhaa za barabara ya udongo. Kisha akapunguza mwendo ili Waringa amfikie.

"Jana, na leo umesema," alisema. "Basi hukukaa nayo. Kwa kina Philister umeenda?"

"Bado. Naogopa."

"Hata mimi ningeogopa. Twende wote."

Mama Philister alikuwa uani akianua nguo, na binti yake ameketi juani, mwembamba kama mti wa kutundikia sweta lake. Waringa alimwamkia mama kwa heshima, kisha akamweleza. Isaiah alisimama kando yake mpaka akamaliza.

Mama Philister aliiacha nguo ikining'inia kwa kibanio kimoja. Waringa alijikaza, akingoja kufokewa. Badala yake mama yule aliketi kwenye ngazi ya mlango, akafunika uso kwa kanga.

"Mimi nilidhani ni uji wangu," alisema.

Watoto hawakuelewa.

"Jumatatu ile nilichelewa kazini. Nilimwachia uji wa jana yake, nikamwambia apashe mwenyewe. Alipougua nilijua ni mimi nimemuua mtoto wangu. Tangu siku hiyo, nikiona sufuria ya uji, silali."

"Si uji, Mama," alisema Philister polepole. "Nilikuambia si uji."

Waringa alianza kulia. Alikuwa amewaza habari ya Isaiah, amewaza habari ya mlima, lakini hakuwa amewaza kwamba kulikuwa na mama Mutuini aliyekosa usingizi kwa sababu yake.

"Nisamehe, Mama," alisema. "Nisamehe sana."

Mama Philister alifuta uso, akamvuta akamketisha karibu naye.

"Ulitaka chupa ziwe safi, na hilo si kosa. Siku nyingine uliza kwanza, maji haya yanasafisha au yanachafua? Yakiwa mabaya, chombo kikavu ni bora," alisema. Kisha akawatazama wote watatu, Waringa, Isaiah na binti yake. "Lakini lile lililokuleta hapa leo ndilo nataka mlishike. Kosa halipotei kwa kufichwa, wanangu. Ukilificha, mtu mwingine hulibeba. Huyu Isaiah alilibeba shuleni. Mimi nililibeba hapa nyumbani, na hata hukujua niko. Leo umekuja, umenitua mzigo."

Kisha akainuka na kuingia ndani. Walimsikia akiteremsha sufuria ukutani, akapima unga, akawasha stovu. Kwa mara ya kwanza tangu binti yake atoke zahanati, Mama Philister alikuwa anapika uji.