Maombi ya Kuazima

Ukumbi ulifurika. Makanisa ya Wakongo ya majimbo matatu ya Marekani yalikuwa yamekutana Columbus kwa mkutano wa Pasaka, na kwenye korido ya kuelekea jikoni watu walipitana kwa viwiko, sahani za bugali na sombe, majani ya muhogo, zimeinuliwa juu, watoto wakigombana kwa Kiingereza. Katika zogo hilo Bulonza alitumwa kumtafuta mwenye gari la kijivu lenye namba za New York lililoziba njia ya basi la wageni wa Louisville.

Alimkuta. Kijana mrefu, suti ya buluu imemkaa sawasawa, amepiga magoti mbele ya mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu, amemshika mikono, anaomba. Nje honi ya basi ililia. Kijana hakuwa na haraka. Aliomba kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mtu aliyeketi naye meza moja. Bulonza, ambaye maisha yake yote alizoea kuitikia maombi ya wengine, alifumba macho pamoja nao.

"Amina," alisema kijana, akafumbua macho. "Dada, na weye uko na haja ya maombi?"

"Niko na haja uondoshe gari yako. Basi yetu imekwama."

Alicheka hadi meno ya nyuma yakaonekana. "Pardon! Miye ni Cubaka, natoka Buffalo. Na weye?"

"Miye ni mutu wa Louisville mwenye atalala hapa sababu yako."

Gari lilipoondoka, namba za simu nazo zilikuwa zimeshabadilishanwa, na basi likaendelea kupiga honi kumwita Bulonza aliyesahau kupanda.

Mapenzi yao yakaishi kwenye simu. Cubaka alipakia maboksi katika ghala moja nje ya Buffalo. Bulonza alihudumu katika nyumba ya wazee kusini mwa Louisville. Kila asubuhi, akiwa kituoni Beechmont anasubiri basi, simu ililia.

"Umeamuka, chérie?"

"Niliamuka, mutumishi wangu. Baridi inataka kunikula."

"Ngoja nikufunike na maombi."

Cubaka aliomba, yeye akasema amina, akapanda basi ameshiba. Mwaka ulipita hivyo. Ndoa ilianza kutajwa, na Mama Spés, shangazi yake aliyeishi naye, alikwisha kuchagua vitenge vya sherehe. Hakuna aliyegundua, Bulonza mwenyewe akiwamo, kwamba siku ambayo Cubaka hakupiga simu, yeye hakuomba kabisa.

Aligundua mchana mmoja kazini. Bibi Lorene, kizee wa Kimarekani aliyekuwa akitunzwa naye, alikuwa anapelekwa hospitali kupasuliwa moyo. Alimshika Bulonza mkono, akamwambia kwa Kiingereza, "Wewe ni mtu wa kanisa. Niombee kabla hawajaja kunichukua. Ninaogopa."

"Nakuja sasa hivi," Bulonza alimjibu. Akatoka mbio hadi kwenye korido, akampigia Cubaka. Simu iliita tu. Akiwa kazini, Cubaka alikuwa akiifungia kabatini. Akapiga tena, na tena. Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu. Watu wa gari la wagonjwa walikuwa wameshamchukua bibi.

Bulonza aliketi pale kitandani akalia kwa aibu. Bibi alikuwa anamtaka Yesu, naye alikimbia kumtafuta Cubaka.

Jioni alimpigia.

"Cubaka, kwa muda kidogo usinipigie tena asubuhi."

"Nilikosea nini?"

"Haukukosea. Ni miye. Nataka nijifunze kuomba mwenyewe."

"Bon. Sema tu jina yake."

"Jina ya nani?"

"Ya ule mwenye anakuombea sasa!"

"Chéri, hakuna mutu. Unisikilize..."

"Kama haunihitaji tena, donc miye niko nani?"

Cubaka akakata simu.

"Weye mutoto, unafukuza mutu wa Mungu?" Mama Spés alifoka.

"Tantine, haikuwa Cubaka mwenye alinifia musalabani."

Alisema hivyo kwa ujasiri, kisha akaenda kulia bafuni. Asubuhi kituoni, simu kimya mfukoni, hakupata la kumwambia Mungu. Alimkumbuka Cubaka sana, akamwambia Yesu hilo, kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo. Taratibu maneno yakaja, machache, yake mwenyewe. Bibi Lorene aliporudi, amekonda, Bulonza alipiga magoti kando yake kabla ya kuombwa. Aliomba kwa Kiswahili, akikwama hapa na pale. Bibi hakuelewa neno ila jina la Yesu, na lilimtosha.

Sasa Bulonza alijua anaweza kuishi bila Cubaka. Jambo hilo lilimtisha, maana alimpenda vilevile.

Walikutana tena miezi kadhaa baadaye kwenye arusi ya jamaa, Westerville, karibu na Columbus. Bulonza alivaa gauni la kijani lililowageuza watu shingo. Cubaka alikaa nyuma kabisa, suti ile ile ya buluu sasa inampwaya. Alipoitwa kubariki chakula, alitikisa kichwa akatoka nje. Watu wakanong'onezana. Bulonza alimfuata hadi kwenye benchi la bustani.

"Kinywa yangu ilifunga," Cubaka alisema bila kumtazama. "Nilikuwa naomba ili weye unisikie. Ulipoondoka, sikupata kitu ya kumwambia Mungu. Uniombee, Bulonza."

Maombi yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Bulonza. Lo, jinsi alivyotaka kumbeba! Lakini alimshika mkono tu.

"Hapana, mupenzi. Nitakaa hapa na weye. Umwambie mwenyewe."

Cubaka aliinamisha kichwa. "Yesu, nimechoka kuwa mukubwa," alisema mwishowe, machozi yakamshuka, na hakuweza kuongeza.

Bulonza alimfuta machozi kwa kiganja.

"Umeona?" Cubaka akasema. "Niko mutupu. Na kama sina kitu ya kukupatia, bado unaweza kubali nikuoe?"

"Ndio sasa nakubali."

"Juu ya nini sasa?"

"Zamani, ningeolewa na mungu wangu," alisema Bulonza, akamwegemea begani. "Leo naolewa na mutu."