Mshale Wenye Msumari Mmoja

Wewe unayesikiliza, umewahi kutembea, ukatembea, ukatembea, halafu ukajikuta palepale?

Wakesho yamemkuta! Yuko ndani ya msitu mkubwa, pembeni mwa jiji, na Anko Mwadime. Anataka kuyaona maporomoko ya maji. Anataka kuyagusa!

Kwenye njia panda kuna benchi la buluu. Kando yake kuna mshale wa mbao wa kuonyesha njia.

"Mshale umesema huku," Anko akasema. "Haya, twende huku!"
Tap, tap, tap.

Wakapita mianzi. Shwaa, shwaa.
Wakapita tumbili. Kwii!
Wakafika kwenye… benchi la buluu.

"Anko, mbona tumerudi?"
"Hili ni benchi lingine, mami."
"Mbona limevaa kofia yako?"

Anko akajishika kichwa. Kipara kitupu!
"Wueh!"

Akavaa kofia yake. Akautazama mshale.
"Sasa umesema kule. Haya, twende kule!"
Tap, tap, tap.

Wakapita matope. Pwacha, pwacha.
Wakafika kwenye… benchi la buluu. Tena!

Wakesho akatazama huku. Akatazama kule.
"Anko, sielewi."
"Hata mimi sielewi. Na geti linakaribia kufungwa. Turudi nyumbani tu."

Machozi yakaanza kumlenga Wakesho.

Mara upepo ukaja. Fyuuu!
Mshale ukageuka wenyewe. Ng'iiii!

"Anko! Mshale una msumari mmoja tu!"

"Ati nini? Mshale mzima, msumari mmoja? Na mtu mzima akasimama hapa akasema, 'Imeisha hiyo'? Aisee! Hawa watu ni siriasi kweli? Yaani—"

"Anko, nyamaza kidogo."

Anko akanyamaza. Msitu nao ukanyamaza.
Kwa mbali… shoooo. Shoooo.

"Maji yamesema huku," Wakesho akanong'ona. "Haya, twende huku!"
Tap, tap, tap. Tap-tap-tap-tap!

Maporomoko hayo! Meupe! Marefu! SHOOOO!
Wakesho akayagusa.
"Uwii, baridi!"

Getini, Wakesho akamwambia askari habari za mshale.
"Tutaona," askari akasema.
"Tutaona ya lini?" Anko akauliza.
Askari akafunga geti. Kwacha!

Sasa Wakesho yuko kitandani. Nje, upepo unavuma. Fyuuu.
Kesho mtoto mwingine atafika kwenye benchi la buluu. Ataelewa?

Wakesho akaketi, akaita kwa nguvu. Haya, nasi tumsaidie, hadi wasikie huko ofisini:

"Wenye msitu! Pigilieni msumari wa pili! Kesho asubuhi!"